Mgeni wa Mwanangu Bofa

Basi la Tanga kwenda Mombasa huondoka alfajiri, na jua halijawa kali linakuwa limeshafika Horohoro. Ni kilomita 65 za lami iliyowekwa kwa msaada wa Marekani, na anayeikumbuka barabara ile ilivyokuwa zamani, hasa wakati wa masika, anaijua thamani yake. Pale mpakani abiria wote hushuka na mizigo yao. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa tu, lakini sisi Watanzania hatumo katika mpango huo. Lazima uwe na hati ya kusafiria, na mkononi uwe na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano.

Afisa wa uhamiaji, kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, alinisalimu shikamoo kwanza, kisha akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia Kilifi, mtaa wa Bofa, kumwona binti yangu.

"Ameolewa huko, mama?"

"Anafanya kazi."

Akagonga muhuri. "Karibu Kenya."

Swali lile nilikuwa nimelisikia mara nyingi kabla ya kufika kwake. Kwetu Korogwe binti akiwa nje ya nchi, watu hudhani kuna mume. Na wakisikia kwamba nje yenyewe ni Kenya, hawaulizi zaidi, maana wanaoulizwa habari za watoto wao ni wale wenye watoto Ulaya, Marekani au Uarabuni. Kilifi haifiki kilomita 250 kutoka Tanga mjini. Hata hivyo mwanangu anaishi kwa kibali, analipa kodi ya serikali nyingine, akiugua anatibiwa kwa bima ya huko, na akitaka kuja kuzika kwao lazima apite mbele ya dirisha la afisa kama yule. Hayo kwangu yanatosha kuitwa ugeni.

Mstari wenyewe wa mpaka ulichorwa mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi hizi, ukianzia mdomoni mwa mto Umba. Wadigo wakajikuta nusu huku na nusu kule, na hadi leo ukishuka Horohoro kwetu au Lunga Lunga upande wa Kenya unasikia Kidigo pande zote mbili. Lakini mwaka unaosemwa kwa uchungu katika ukoo wetu ni 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, na haukufunguliwa tena hadi mwishoni mwa 1983. Mama yangu mdogo alikuwa ameolewa Mombasa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Muheza. Alifariki mpaka ukiwa umefungwa, na binti yake hakumzika.

Nikiyafikiria sasa, kinachoniuma zaidi ni ile miaka iliyotangulia, njia ilipokuwa wazi. Bibi hakwenda hata mara moja kumwona bintiye kwake. Haikuwa desturi. Mtoto ndiye aliyepaswa kufunga safari na kuja kusalimu wazazi, mzazi yeye alikaa barazani akangoja. Hakujua bintiye analala chumba gani, anapika kwenye jiko gani, jirani yake ni nani. Mimi nilikuwa msichana mkubwa wakati huo na niliyaona yote. Kwa hiyo binti yangu aliponipigia simu kwamba amepata kazi Kilifi, jambo la kwanza nililolifanya baada ya kumwombea dua ni kwenda kuulizia hati ya kusafiria.

Kutoka Lunga Lunga barabara inapita Msambweni na Ukunda hadi Likoni, na hapo watu wanateremka na kuvuka kwa feri kwa miguu. Sitasema mengi juu ya Mombasa, nilipita tu. Nilipanda matatu ya Kilifi, tukavuka daraja la Nyali, kisha Mtwapa, na muda mfupi baadaye nikaona kitu kilichonifanya niketi wima: mkonge. Mashamba ya Vipingo yametanda pande zote mbili za barabara, mistari imenyooka hadi macho yanapoishia, vilevile kama Korogwe na Hale. Mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge. Baba yangu alikata majani ya mmea ule ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, miche iliyofika hai ikiwa 62 tu. Kuuona tena upande huu kulinipa moyo. Mwanangu hakuwa ameenda kwenye nchi isiyonijua.

Halafu ghafla nchi inafunguka na uko juu ya daraja la Kilifi. Chini kabisa kuna hori yenye maji ya buluu iliyokolea, mashua zimetia nanga, na upande wa kulia unaiona bahari kuu. Abiria aliyekaa karibu yangu aliniambia daraja lilijengwa kwa msaada wa Wajapani na kufunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo ilikuwa feri, na foleni yake ilikuwa inakula siku nzima.

Binti yangu alikuwa ananingoja steji. Alinipokea begi, akanishika mkono wa kuume, akamwita dereva wa tuktuk kwa jina lake. Nililiona hilo. Mtu anayejua majina ya madereva si mpita njia.

Bofa iko kaskazini mwa mji, kandokando ya bahari. Barabara inapita chini ya minazi na miembe, na kwa kuwa ilikuwa Januari, maembe yalikuwa yanauzwa kila kona, mengine yamepangwa chini juu ya magunia. Upande wa bahari kuna hoteli na majumba makubwa yenye kuta ndefu. Upande wa bara kuna nyumba za Wagiriama na za wapangaji wafanyakazi, walimu wa Chuo Kikuu cha Pwani, wauguzi, watu wa utafiti. Kufika ufukweni unapita kijia chembamba kati ya kuta mbili, na mimi sikulipenda hilo. Bahari ni ya watu wote, na mvuvi aliyebeba nyavu na kasia hastahili kupenya ubavu ubavu kwenda kwenye kazi ya babu yake. Lakini ukishatokea upande wa pili, mchanga ni mweupe na mpana, mivinje inavuma kwa upepo wa kaskazi, na maji yakipwa mwamba unabaki wazi, watoto wanatembea juu yake wakitafuta pweza.

Nyumba ya mwanangu ni vyumba viwili na jiko, ndani ya ua wa mama mmoja wa Kigiriama ambaye yeye na wanawe wanakaa nyumba kubwa ya mbele. Kuta ni za mawe ya matumbawe, na kibaraza kimeezekwa makuti. Alinipa kitanda chake na yeye akatandika godoro sebuleni. Nilikataa. Akaniambia, "Mama, hapa ni kwangu." Alisema kwa heshima, sauti ya chini, huku ananikunjulia shuka, lakini alilisema. Nikalala kitandani.

Kuwa mgeni wa mtoto uliyemzaa ni kazi inayohitaji moyo mpana. Tumezoea kusema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Niliomba jembe na sikupewa. Asubuhi naamka nakuta chai kwenye chupa, mahamri yamefunikwa kwa sahani, mbaazi za nazi ziko kwenye bakuli, na yeye ameshakwenda kazini. Hakuniachia hata kikombe cha kuosha. Mwanzoni mikono iliniwasha. Kisha nikaanza kutazama, na kutazama kukanifundisha. Niliona anavyoweka pesa ya maji, ya umeme na ya kodi katika simu kila moja na siku yake. Niliona Biblia na kamusi ya Kiingereza, dawa ya mbu, picha yangu na ya marehemu baba yake karibu na kioo, viatu vya kazini vimepangwa mlangoni. Niliona kwamba hapiki tena mchicha kwa kuukausha kama nilivyomfundisha, anatia nazi nyingi kama wanavyofanya huku, na ni mtamu. Haya huambiwi kwenye simu. Kwenye simu mtoto husema "sijambo, mama" na maisha yake yote yanabaki nyuma ya neno hilo.

Kazi yake ni ya maabara, katika kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust ya Uingereza, kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989, kando ya hospitali. Jioni moja baada ya chakula nilimwomba anieleze, si kama wanavyowaeleza wageni wa heshima, bali kama mtu wa maabara anavyomweleza muuguzi, kazi niliyoifanya mimi. Alichukua kalamu na karatasi, akaanza kuchora. Hapa tone la damu kwenye kioo. Hapa rangi. Hapa vimelea, namna wanavyohesabiwa chini ya hadubini, na namna sampuli inavyowekewa namba badala ya jina kisha ikahifadhiwa kwenye majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Nilimsikiliza nikiwa nimekaa kimya, kwa sababu kioo kile nakijua. Mimi ndiye niliyekuwa nakipeleka.

Karibu maisha yangu yote ya kazi niliyatumia katika wodi ya watoto Korogwe. Mvua za masika zikikolea tulijua kitakachofuata. Mama anaingia anakimbia, mtoto begani ana degedege, au ametulia mno, na utulivu ule ndio ulikuwa mbaya zaidi. Jambo la kwanza unalofanya ni kukunjua kiganja cha mtoto. Kikiwa cheupe, hapana damu, na unaanza kumtafuta ndugu wa kumtolea. Tukachoma kidole, tukatuma kioo maabara, tukangoja karatasi irudi na alama zake za jumlisha, moja, mbili au tatu. Wengine karatasi iliwakuta wameshaondoka. Mwanangu huyu mwenyewe alilazwa pale akiwa na miaka minne, dripu ya kwinini mkononi, na mimi nikavua kofia ya uuguzi nikakaa kando ya kitanda kama mama wengine.

Ndiyo maana aliponieleza juu ya chanjo nilitaka asirukie neno. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, lililofanywa mahali pawili: Kilifi na Korogwe. Watoto 894 wa miezi 5 hadi 17, wa huku na wa kwetu, na waliochanjwa waliugua malaria kwa kiasi kilichopungua kwa asilimia 53 katika miezi waliyofuatiliwa. Ilipita zaidi ya miaka kumi ya majaribio mengine, hadi tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza kwa watoto wa Afrika. Ya pili, R21, ilipendekezwa mwaka 2023, nayo ilijaribiwa Kilifi na Bagamoyo pamoja na nchi za Afrika Magharibi. Nakumbuka akina mama wa Korogwe waliokubali watoto wao waingie katika utafiti, na minong'ono waliyoivumilia kwamba damu inauzwa. Binti yangu aliniambia minong'ono hiyo ilikuwapo Kilifi pia, na ilichukua miaka ya kukaa na wazee na wawakilishi wa vijiji kuwaeleza damu inakwenda wapi na inarudi na nini.

Kuna hesabu moja aliyoniandikia pembeni ya ile karatasi, na karatasi ninayo hadi leo. Katika hospitali ya Kilifi, mwaka 2003, watoto waliolazwa kwa malaria walikuwa zaidi ya 18 kwa kila watoto 1,000 wa eneo hilo. Mwaka 2007 walikuwa wamebaki 3 na kidogo. Hiyo ilikuwa kabla chanjo haijatoka. Vyandarua vyenye dawa na dawa mpya vilichangia, na mengine wataalamu bado wanabishana. Mimi nilipoona tarakimu zile niliona vitanda. Nilimwambia, "Mwanangu, kazi yako naikubali." Hakujibu, akaendelea kuchora.

Jambo lililonigusa kuliko yote Bofa lilikuwa dogo. Kitambulisho chake cha kazini huning'inia kwenye msumari karibu na mlango, ndani ya mfuko wa plastiki. Nyuma yake kuna kadi yenye mwandiko wake: wa kupigiwa simu wakati wa dharura. La kwanza ni jina na namba ya mama mwenye nyumba. Langu ni la pili.

Nilikaa na jambo hilo mchana kutwa. Aliporudi nikamwuliza moja kwa moja.

"Mama," akasema, "ukipigiwa simu saa nane ya usiku, wewe uko Korogwe. Utafanya nini zaidi ya kulia hadi kukuche?"

Kisha akanisimulia ambayo hakuwa amenisimulia. Mwaka uliotangulia tumbo lilimshika usiku, akagonga ukuta. Mama mwenye nyumba akaja na khanga moja kiunoni, akamwamsha mwanawe atafute tuktuk, akampeleka hospitali, akatia sahihi ya upasuaji wa kidole tumbo, na akakaa naye hadi alipoweza kutembea. Mimi nilipopiga simu wiki ile niliambiwa "sijambo, mama".

Kesho yake nilivaa vizuri, nikachukua iliki na pilipili manga za kule Amani nilizobeba kutoka nyumbani, na doti ya khanga niliyokuwa nimeinunua Tanga kwa ajili ya mwanangu, nikavuka ua. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Aliinuka kunipisha kiti, nikamwomba aendelee, nikaketi kwenye mkeka. Nikamwambia nimekuja kutoa shukrani ya mtoto wangu. Aliipokea khanga kwa mikono miwili, akaiweka magotini, na kwa muda hakusema neno.

"Dada," akasema mwishowe, "na mimi nina wangu. Yuko Riyadh, kazi za nyumba. Huu mwaka wa tatu."

Nikamwuliza kama amewahi kufikiria kwenda kumwona.

"Nitafikia wapi? Analala nyumbani kwa tajiri wake. Hana mlango wa kunifungulia." Akachukua kizio kingine cha nazi, akakigeuza mkononi. "Huyu wako akirudi jioni nikaona taa inawaka, moyo unatulia. Nasema, na wangu labda kuna mwanamke huko anamtazama."

Tangu siku ile sikuiona tena namba ile ya kwanza kuwa imechukua nafasi yangu. Kutoka Kilifi, Kwale, Mombasa, Tanga na Zanzibar, mabinti wengi wanakwenda kufanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba. Ukaazi wao umefungwa kwa mwajiri, na Saudi Arabia ilipolegeza masharti ya wafanyakazi wa kigeni mwaka 2021, wafanyakazi wa majumbani waliachwa nje. Wapo wanaotendewa vyema, wapo wanaorudi wamevunjika, na wapo waliorudi ndani ya sanduku. Lakini hata yule anayetendewa vyema hawezi kumwambia mama yake, njoo ulale kwangu. Hiyo ni haki ambayo sijaisikia ikitajwa katika mikataba yoyote, na mimi naona serikali zetu zinapokaa mezani kuzungumzia kazi za watoto wetu huko, zingeiweka mbele pamoja na mshahara na pasipoti.

Siku zilizobaki tulikula pamoja, nyumba mbili chungu kimoja. Mama mwenye nyumba alileta changu kutoka kwa wavuvi wa Bofa, nikatia viungo vya Amani, binti yangu akachoma na kupaka tui zito. Jumapili tulivuka daraja watatu kwenda Mnarani kutazama magofu, msikiti na kaburi la nguzo za mji uliokaliwa tangu karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 17, chini ya mibuyu mikubwa. Kutoka kule juu unaiona hori yote na daraja. Mama mwenye nyumba alituonyesha mahali feri ilipokuwa ikitia nanga, na jinsi akiwa msichana alivyolala foleni na kapu la maembe akipeleka Mombasa. Wakati wa kushuka ngazi walinitangulia, binti yangu akiwa amemshika mkono, naye akiwa na khanga ile kichwani.

Nimeyaandika haya kwa wazazi wenzangu wa Korogwe, Muheza, Lushoto na popote penye mtu ambaye mwanawe yuko Mombasa, Nairobi, Kampala au Kigali. Makubaliano ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, yaliyoanza kutumika Julai 2010, yanamruhusu raia wa Jumuiya kuingia nchi mwanachama bila viza na kukaa hadi miezi sita. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe siku kumi kabla ya safari, na sasa ikishachomwa ni ya maisha. Kateni hati ya kusafiria mkiwa bado na magoti ya kupanda basi. Na mnapofunga mzigo, zawadi ya mtoto wekeni, lakini msisahau ya yule anayekaa mlango wa pili naye.